Bosi wa Matanuri Sita

Ukitaka kumjua Mama Tanuri, usianze na uso wake, maana siku nyingi uso huo ulikuwa nyuma ya moshi. Anza na ndala zake. Zilikuwa za bluu, zimelika visigino hadi mwanga unapita, na ile ya kushoto mkanda wake ulikatika zamani akaushona kwa uzi mwekundu wa nyavu. Kila asubuhi alizivua kando ya tanuri la kwanza, akazipanga sambamba, akafanya kazi peku. Alisema ndala ikishika cheche huyeyuka na kung'ang'ania nyayo, na nyayo haziuzwi dukani.

Matanuri yalikuwa sita, yamejipanga kwenye kiwanja cha halmashauri, karibu na pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mumewe aliyajenga kwa matofali ya kuchoma, moja kila mwaka. La sita alilitia mlango wa bati la pipa, akaupaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi wa mtu. Rangi haijakauka vizuri, yeye akaugua, akafa. Mama Tanuri alikaa ndani wiki mbili. Ya tatu akatoka, akawasha moto.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuja kumliwaza akabaki kazini moja kwa moja. Alikuwa mwanamke mnene, mchekeshaji, mdomo wake hauna kufuli. Wanawake wengine wawili walikuja kila siku kutumbua samaki na kuwaosha. Hao wanne ndio walioifanya kazi yote.

Halafu kulikuwa na Katibu. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, kwa hiyo shemeji yake Mama Tanuri, na jina hilo alilipata kwa kuwa katibu wa chama cha wakulima na wavuvi. Alitembea na faili kwapani. Wifi, ambaye ni dada yake wa damu, alidai kwamba hata akienda kuoga faili humsubiri mlangoni. Katibu alipenda kupita kwenye matanuri saa za jioni, asimame upande usio na moshi, aulize, "Vipi, mambo yanakwenda?" kisha aondoke kabla hajajibiwa.

Serikali ilipotangaza ruzuku kwa biashara ndogo za kilimo na uvuvi, Katibu alikuwa wa kwanza kuleta habari.

"Shemeji, wewe shika moto, mimi nishike karatasi," alimwambia. "Ofisi zile zina maneno mengi. Zitakuzungusha mpaka visigino viishe."

"Vimeshaisha, shemeji," alijibu Mama Tanuri, akacheka, akampa kila alichotaka: cheti cha kifo cha mumewe, barua ya kiwanja, risiti za chumvi. Picha za matanuri Katibu alizipiga mwenyewe, siku ambayo Mama Tanuri alikuwa ameazima viatu vya wifi kwenda benki.

Baada ya miezi mitatu Katibu alirudi akitikisa kichwa. "Jina lako halikutoka, shemeji. Jaribu tena mwakani."

Mwaka wa pili vivyo hivyo, na wa tatu pia. Kila mara Mama Tanuri alimfungia kambare wanne wa moshi kwa usumbufu alioupata. Katibu akaezeka nyumba yake upya, akanunua pikipiki, akaweka friji mbili sebuleni zikitazamana kama wakwe. Mama Tanuri aliamini kwamba chama kinalipa vizuri.

Mwaka wa nne ofisi ya kilimo na uvuvi ikapata afisa mpya, binti mwenye miwani minene ambaye alikuwa hajajuana na mtu. Alimkuta Mama Tanuri sokoni akiuza samaki, akala kipande pale pale amesimama, akala cha pili.

"Mama, samaki hawa ni wako mwenyewe? Mbona huombi ruzuku?"

"Naomba, mwanangu. Miaka mitatu sasa. Jina halitoki."

"Haiwezekani. Njoo kesho ofisini nikuangalizie."

Alikwenda. Afisa alifungua daftari, akapitisha kidole mwaka hadi mwaka, akakunja uso. Mama Tanuri hakuwa amekataliwa. Hakuwahi kuomba. Jina lake halikuwamo hata kwenye orodha ya waliokosa.

"Labda aliyekujazia alikosea," alisema afisa kwa huruma. "Usijali. Ngoja nikuonyeshe jalada lililopangwa vizuri, ujue tunachotaka. Huyu ni wa upande wenu huko huko. Analipwa kila mwaka."

Akamfungulia. Juu kulikuwa na jina la Katibu. *Biashara ya kukausha samaki, matanuri sita, mmiliki.* Chini yake ilibandikwa picha: matofali, milango mitano myeusi na mmoja wa kijani, na kwenye kona, kando ya tanuri la kwanza, ndala mbili za bluu zimepangwa sambamba, ya kushoto imeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mama Tanuri aliitazama picha, kisha akainama akaitazama miguu yake chini ya meza. Ndala zilikuwa zile zile. Akairudisha miguu nyuma polepole, chini ya kiti, isionekane.

Kilichomuuma kwanza hakikuwa fedha. Kilikuwa wale kambare. Kambare wanne mara tatu, wanono, aliowachagua kwa mkono wake, akawafunga kwenye karatasi safi, akamwambia mwizi wake asante.

"Na huyu," aliuliza, sauti ikitoka laini kabisa, "mtakwenda kumwona?"

"Alhamisi ya wiki ya tatu. Mwaka huu tunahakiki, mama, tumechoka na biashara za kwenye picha. Mwenye biashara aongoze kazi mbele yetu, kuanzia samaki mbichi hadi anayeuzika. Akifaulu anapewa ruzuku kubwa, na kiwanja kinaandikwa kwa jina lake miaka ishirini."

Hapo Mama Tanuri akaelewa ukubwa wa shimo lililochimbwa mbele yake. Ikipita Alhamisi hiyo, matanuri aliyojenga mumewe yangekuwa ya Katibu kwa mhuri, na siku yoyote angeweza kumwambia aondoke.

Angeweza kusema pale pale. Neno lilimfikia kwenye ulimi, akalimeza. Alishukuru, akatoka.

"Kwa nini usiseme?" Wifi alifoka aliposimuliwa. "Ni kaka yangu, lakini hilo ni jambazi! Twende sasa hivi, nivae kanga ya pili tu!"

"Nikisema atakana. Ana faili, ana mihuri, ana suti. Atasema mjane ana wivu, na wakubwa watasema mambo ya ukoo yaishie nyumbani. Halafu mama mkwe atatuweka kitako, atalia, nitasamehe." Mama Tanuri alikuwa akisugua kulabu kwa majivu, moja moja. "Sitaki kusamehe, wifi. Nataka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake na mikono yake, watu wakimtazama."

Wifi alirudi akaketi. "Sasa wewe unanitisha," alisema.

Wiki mbili zilizofuata Mama Tanuri alilala vizuri kuliko alivyolala tangu afiwe.

Katibu alikuja Jumatatu ya wiki ya ukaguzi, akasimama upande usio na moshi.

"Shemeji, Alhamisi kuna wageni wa ofisi. Mambo madogo tu. Lakini unajua watu hawa, wanapenda kumwona mwanamume mbele. Basi mimi nitasimama kama mwenye shughuli, na ninyi mtakuwa kama vibarua wangu. Siku moja tu. Ni kwa faida ya familia."

"Vibarua," alisema Mama Tanuri.

"Kama, shemeji. Nimesema kama."

"Hakuna shida. Sasa tukishakuwa vibarua tukuite nani? Shemeji haitafaa. Watashtuka."

Katibu alifikiri, na fikra hiyo ilimpendeza hadi akajishika tai. "Niiteni bosi."

"Haya, bosi. Na mimi nakuahidi kitu kimoja. Siku hiyo sisi hatutagusa chochote bila amri yako."

"Umenielewa vizuri sana," alisema Katibu, akamshukuru kwa moyo wote. Wifi aliingiza kichwa kwenye tanuri tupu na kujifanya anakwangua masizi, mabega yakimtikisika.

Hapa inafaa kueleza kidogo kazi yenyewe. Samaki wa moshi hashindwi kwa moto mdogo. Hushindwa kwa haraka. Akitoka kwenye maji ya chumvi anatundikwa kwenye kulabu, moto unakuwa mdogo, na mlango unaachwa wazi saa nzima au zaidi ili maji yamtoke. Mumewe Mama Tanuri aliita hilo kumkausha samaki jasho. Ngozi ikishakuwa kavu, ndipo unafunga mlango na kuongeza moshi. Ukifunga mapema anachemka kwa maji yake mwenyewe, nyama inalegea, na anaanguka. Hakuna anayefanya kazi hii asiyelijua. Lakini anayepita jioni, baada ya milango kufungwa, huona milango imefungwa tu.

Alhamisi asubuhi Mama Tanuri aligawa samaki mafungu mawili. Fungu moja alilitia chumvi mwenyewe mapema, akalifunika kivulini nyuma ya tanuri la pili. Kambare kumi na wanane aliwaacha kwenye beseni kwa ajili ya bosi. Alijua anawapoteza. Aliwatazama kama mtu anayelipa kitu alichokitamani muda mrefu.

Katibu alifika na shati jeupe na suruali yenye mkunjo wa pasi. Nyuma yake alikuja afisa mwenye miwani, na mkaguzi mmoja mzee, mwembamba, kalamu imechomekwa sikioni. Mkaguzi hakusema mengi. Alinusa hewa, akavuta kiti, akaketi. Afisa alipomtambua Mama Tanuri alitaka kuuliza jambo, lakini mama huyo alimtikisia kichwa kidogo, naye akangoja.

"Karibuni kwenye matanuri yangu," alisema Katibu. "Nimehangaika nayo miaka mingi."

Mama Tanuri alisogea na beseni, kichwa ameinamisha. "Bosi, chumvi kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ni vikombe vingapi, bosi?"

Katibu alimtazama. Mama Tanuri alikuwa anasubiri, kikombe mkononi, adabu tele usoni.

"Kumi," alisema Katibu.

Kwa beseni lile hutiwa vitatu. Mmoja wa wanawake wa kutumbua alifungua mdomo, Wifi akamkanyaga. Vikombe kumi vikaingia, vikihesabiwa kwa sauti, "cha saba, bosi, cha nane, bosi," na mkaguzi akaandika.

"Kuni, bosi. Za huku au za kule?"

Huku palikuwa na magogo yaliyopinda, mabaya kwa sura, magumu, yale yanayotoa moshi mtamu. Kule palikuwa na mbao za mtumbwi uliovunjika, zimenyooka, kavu, zingali na rangi na lami, zilizowekwa kungoja mtu wa kujengea banda la kuku. Katibu alikwenda akazigonga mbao kwa kidole, kama anunuaye tikiti.

"Hizi. Ndizo kavu."

"Ndizo kavu, bosi," alikubali Wifi, akageuka kukohoa.

Samaki walitundikwa kwenye tanuri la sita. Moto ukashika. Mama Tanuri akasimama, mkono kwenye mlango wa kijani, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku ile mkono wake ulisita. Mlango huo ulikuwa na alama ya kidole cha mumewe kwenye rangi, karibu na bawaba. Kama Katibu angesema *uacheni kwanza*, neno moja tu, pengine mambo yote yangegeuka, maana afisa alikuwa kijana na mwenye imani, na mkaguzi alikuwa hajafunua moyo wake.

"Bosi, tufunge au tuache wazi?"

"Mnaacha wazi ya nini? Moto unapotea bure! Funga!"

Akafunga.

Kwa muda kila mtu alikaa. Katibu alieleza soko, alieleza changamoto, alieleza ndoto zake za kufungua tawi. Moshi uliotoka juu ya tanuri ulianza kijivu, ukawa mweusi, ukawa na harufu ya barabara inayowekwa lami. Mkaguzi alitoa leso akafunika pua, akaendelea kuandika kwa mkono mwingine.

Kisha, ndani ya tanuri, kitu kikaanguka. Puu.

Katibu akageukia tanuri.

Puu. Puu.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Sijui, bosi," alisema Mama Tanuri. "Mimi kibarua."

Alikuwa akiwahesabu moyoni. Wa nne alipoanguka aliwaza: karatasi safi, asante shemeji, mwaka wa kwanza. Wa nane: mwaka wa pili. Wa kumi na mbili alipoanguka, alijikuta anatabasamu hadharani, na hakujizuia.

Mafuta ya samaki yakafikia lami, na moto ukaanza kunguruma. Katibu akashikwa na hofu, akafanya kosa la mwisho: alirukia mlango akaufungua kwa nguvu, na hewa ikaingia yote kwa mkupuo. Ulimi wa moto ukatoka kumsalimia. Aliruka nyuma, akakaa chini kwenye matope ya kuoshea samaki, nyusi moja imekwenda, shati jeupe limekuwa la fundi makanika.

"Pole, bosi," walisema wanawake wanne kwa pamoja.

Mkaguzi aliinuka, akachungulia tanuri. Kulabu zilikuwa zinaning'inia na vichwa vitupu.

"Umeandika hapa," alisema, "kwamba mwaka jana ulikausha tani tisa. Kwa njia hii?"

Katibu aligeuka huku na huku. Jasho na masizi vilimchora mistari usoni. Akamwona Mama Tanuri, na akasahau kila kitu walichopatana.

"Shemeji, waambie!"

"Niwaambie nini, bosi?"

"Waambie inavyofanyika! Wewe ndiye unayejua!"

"Kibarua anajuaje kuliko bosi?" aliuliza mkaguzi.

"Kwa sababu ni yake! Tangu marehemu kaka ajenge, yeye ndiye..." Katibu akasikia alichokisema. Mdomo ukabaki wazi, kama mlango wa tanuri lile.

Afisa alifungua jalada, akaitoa picha, akaisogeza karibu na miwani. Kisha akatazama chini, kando ya tanuri la kwanza, ambako ndala mbili za bluu zilikuwa zimepangwa sambamba. Akatazama picha tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na alipomtazama Mama Tanuri alikuwa amekuwa mwekundu wa macho kwa aibu au kwa moshi.

"Mama, siku ile ulipokuja ofisini... uliziona?"

"Niliziona, mwanangu."

"Na hukusema."

"Ningesema mimi, lingekuwa neno langu. Sasa ni lake."

Mkaguzi alirudi kwenye kiti chake, akafungua ukurasa mpya. "Haya. Kibarua, tuonyeshe."

Mama Tanuri alikwenda nyuma ya tanuri la pili, akafunua fungu lake. Kabla hajawasha alimgeukia Katibu, aliyekuwa bado matopeni, akauliza kwa upole, "Bosi, ninayo ruhusa?"

Wifi alicheka mpaka akaketi chini.

Barua ilitoka mwezi uliofuata. Kiwanja kiliandikwa kwa jina la Mama Tanuri. Katibu alitakiwa kurudisha ruzuku ya miaka mitatu. Chama kilimnyang'anya faili kabla hata ya kumnyang'anya cheo, na watu walisema bila hilo kwapani alitembea upande, kama meza iliyokatwa mguu. Friji moja ikauzwa, halafu ya pili, halafu pikipiki.

Akaja. Safari hii alisimama kwenye moshi.

"Shemeji, nimekosa. Niandikie barua tu, useme biashara ilikuwa yetu sote, kwamba jina langu lilikuwa kwa niaba ya familia. Watanipunguzia. Wamesema neno lako linatosha."

Mama Tanuri alimpa kiti. Alimpa maji. "Tanuri la sita limejaa lami," alisema. "Tangu siku ile halijawashwa. Nisafishie, kisha tuzungumze."

Katibu alisafisha siku tatu. Aliingia ndani hadi kiunoni, akakwangua tofali moja moja kwa brashi ya waya na majivu, akatoka mweusi, akikohoa, kucha zimevunjika. Wapita njia walisimama kumtazama, na Mama Tanuri hakumfukuza hata mmoja. Siku ya pili Wifi alimfuata pembeni.

"Wifi, inatosha. Yule ni kaka yangu. Umeshammaliza."

"Bado mlango," alisema Mama Tanuri.

Jioni ya siku ya tatu mlango wa kijani ulikuwa unang'aa, isipokuwa karibu na bawaba, ambako Mama Tanuri alikataza kuguswa. Katibu alikuja na karatasi nyeupe na kalamu, akaviweka juu ya kiti mbele yake, akasubiri, mikono ameifumbata.

Mama Tanuri aliichukua karatasi. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye orodha. Kisha akatikisa kichwa taratibu, vile vile alivyotikisiwa miaka mitatu.

"Jina lako halikutoka, shemeji. Jaribu tena mwakani."

Akageuka, akachukua kambare wanne wa siku ile, akawatundika mmoja mmoja kwenye tanuri la sita. Akawasha moto mdogo. Mlango aliuacha wazi, kama inavyotakiwa, mpaka samaki wakauke jasho. Katibu alikuwa bado amesimama nyuma yake, hajui aondoke au akae. Ngozi zilipokauka Mama Tanuri akanyoosha mkono na kuufunga mlango, polepole, kwa wakati wake.